Mkunga na Nchi Isiyokata Kodi

Mama Pacha alikuwa mkunga, ameishi ughaibuni miaka mingi na mumewe, mchoraji wa katuni aliyeuza kazi zake popote duniani kwa kompyuta. Mume alikuwa amechoshwa na kodi. Asubuhi moja, mswaki ungali mdomoni, akasema, "Mama Pacha, tuhame. Kuna nchi haimkati mtu kodi ya mapato hata senti."

"Na hospitali wanazo?"

"Wanazo, tena zinang'aa."

Pacha wao walishakuwa chuoni, wanajitegemea. Wakafunga mizigo.

Hospitali zilikuwa zinang'aa kweli. Ila mama mmoja mpole wa ofisi ya leseni alimweleza mkunga kwamba cheti chake hakitambuliki pale. Labda arudi darasani miaka miwili. Mkunga akarudi ghorofani kwao, akapika, akafua, akapanga vikombe, akavipangua. Chumba cha pili mumewe alichora huku akipiga mluzi.

Siku moja, kwenye chumba cha kufulia, jirani mjamzito alimwuliza anafanya kazi gani. "Nilikuwa mkunga," akajibu. Lile "nilikuwa" likamchoma kama mwiba.

Jioni akamwambia mumewe, "Mimi narudi tulikotoka. Wodini bado wananitaka, na mikono yangu inaniwasha. Wewe baki, tutakuwa tunatembeleana."

Mume akampigia mhasibu wao. Mhasibu hakumung'unya maneno: "Shemeji akirudi kule, na nyumba yenu iko kule, watu wa kodi watasema hata wewe bado ni mkazi wa kule. Ukitaka nafuu ya huku, kaeni wote huku."

Simu ilipokatwa, mkunga alikaa mkao wa vita. Maneno alikuwa nayo tele, ameyapanga tangu asubuhi. Mume akajikuna kidevu, akaufunga mkebe wa kalamu zake.

"Usinitolee macho hivyo," akasema. "Kwani mimi nilioa nchi?"

Mkunga akakosa pa kuyapeleka maneno yake yote. Akacheka hadi machozi yakamtoka.

Wakarudi. Kila kodi inapokatwa, mume huomboleza kama aliyefiwa, na mkewe humwacha aomboleze, kwa maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akishapoa humwuliza, "Haya, leo wamezaliwa wangapi?" Naye mkunga, angali na viatu vya wodini, huvuta kiti akaanza kusimulia.