Valvu Mbili za Baba

Ndugu yangu, niliyechangia naye baba lakini si mama, ana roho ya korosho. Nalisema wazi, na anayetaka kumpelekea habari ampelekee. Watu wa Msambweni huniambia, "Dada, yaishe, zile ni valvu tu." Valvu tu! Asiyejua kitu si anyamaze?

Baba alipiga gitaa harusini maisha yake yote, kutoka Lunga Lunga mpaka Ukunda. Amplifaya yake ilikuwa moja tu, kuukuu, na nyuma yake mlikuwa na valvu mbili kubwa, zile chupa za kioo zinazowaka ndani na kuisukuma spika. Watu hudhani sauti ya gitaa hutoka kwenye nyuzi peke yake. Thubutu! Kuna valvu nene, anazozipenda ndugu yangu: hutoa sauti kubwa, pana, safi. Uguse uzi kwa upole au uukwanyue kwa hasira, usafi ni ule ule, kama mhudumu wa hoteli anayemchekea kila mgeni. Valvu za baba zilikuwa nyembamba. Akipiga taratibu ziliimba, na akikaza kidole zilikwaruza kidogo, kama mtu mzima anayetaka kulia akajizuia. Ukiwa jikoni unakuna nazi ulijua ni yeye, huhitaji kuchungulia.

Na valvu hizo nilizitafuta mimi. Za kwanza zilipoungua nilikuwa nikifua mashuka katika hoteli moja Diani, na kulikuwa na mgeni, Mjerumani, aliyerudi kila mwaka, naye mpiga gitaa. Nilimweleza shida yangu, na safari iliyofuata akaniletea jozi, zimepimwa zinakula umeme sawasawa. Baba alipoziweka alipiga nyimbo tatu, kisha akaniambia, "Harusi ya mwanao nitapiga kwa hizi." Mwenyezi Mungu akamchukua kabla ya harusi.

Baada ya arobaini tukakaa kugawana mirathi. Amplifaya ikamwangukia ndugu yangu. Sikupinga, yeye ndiye mpigaji. Nilimwomba jambo moja tu: harusi ya binti yangu apige kwa valvu za baba.

"Zile zinakoroma, dada," akaniambia. "Watu wa siku hizi wanataka sauti safi. Kule hotelini ninakopiga sikubaliwi na mikoromo."

"Basi nipe mimi. Mwenzake baba wa gitaa la pili ana amplifaya inayozikubali. Atapiga yeye."

"Zimo ndani ya amplifaya yangu."

"Si umesema zinakoroma?"

"Zikorome. Ni zangu."

Ebo! Hazitaki, na hataki nizipate. Hasidi hana sababu, wallahi. Damu ilinichemka nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, ingawa siyajutii.

Tukampelekea ami, mdogo wake baba, atuamue, ndugu yangu amebeba na amplifaya yenyewe. "Shikamoo ami." "Marahaba wanangu." Hata kahawa haijamiminwa, tukaanza kupigana maneno. Ndugu yangu akasema valvu ni za amplifaya kama mlango ulivyo wa nyumba. Anayerithi nyumba hang'olewi milango. Nikasema zile nilimwazima baba, na kilichoazimwa hakirithiwi. "Nani alisikia ukimwazima?" akauliza. "Ulimpa. Ni hiba hiyo." Mimi na baba yangu tuandikiane mashahidi kwa valvu! Ami alishika kichwa. Ni mtu mcha Mungu na hapendi kelele.

"Valvu ni mbili," akasema mwishowe, "nanyi ni wawili. Kila mtu ashike yake."

Nikamweleza kwamba moja si kitu. Amplifaya ile haifanyi kazi ila kwa jozi, na ukichanganya moja yake na nyingine ya namna nyingine, itanguruma tu na kuungua.

"Basi mmoja wenu amwachie mwenzake."

Ndugu yangu akatazama mkeka. Nikangoja aseme, naye akangoja niseme. Nimwachie? Yeye aliyesema zinakoroma? Ng'o! Ndugu yangu akachukua bisibisi, akafungua ubao wa nyuma, akachomoa moja na kunipa kwa ncha za vidole, kama anayempa maskini mlangoni. Nikaifunga kwenye leso yangu nikatoka bila kuaga.

Harusi ikafanyika Mwabungo. Yule mzee wa gitaa la pili hakuwa na la kufanya kwa valvu moja, na binti yangu, ampendaye mjomba wake, akamwalika yeye apige. Akaja na amplifaya ya baba, ndani ametia valvu zake nene, na fundi wa Ukunda amemrekebishia umeme wake. Kazi ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Akaanza wimbo ambao baba aliutumia kuwatoa nje maharusi. Vidole vilikuwa vya baba, hakuacha hata noti moja. Lakini ilitoka sauti iliyofuliwa, nyeupe pe, wala haikukwaruza popote. Wageni wakacheza, vigelegele vikapigwa. Nilikaa nimeuma meno.

Shangazi, dada yake baba, macho hayamsaidii tena. Alikuwa amekaa ubavuni mwangu amenishika mkono.

"Nani anapiga?" akauliza.

"Mwana wa ndugu yako."

"Kwa amplifaya nyingine?"

"Ni ile ile, shangazi."

Wimbo ukaisha. Kisha, wakati watu wanapumua, akasema kwa sauti ambayo hata wapishi waliisikia: "Tulipomzika sikulia sana. Nilijiambia, gitaa lake lipo. Kumbe amekufa leo."

Mkono wa ndugu yangu uliganda juu ya nyuzi. Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaona macho yake yamejaa machozi. Angeweza kuniomba ile moja wakati ule; ilikuwa sandukuni kwangu Msambweni, na yake alijua alikoiweka.

"Piga," nikamwambia. "Si ulitaka sauti safi?"

Shangazi akautoa mkono wake mkononi mwangu.