Mwamuzi wa Malimwengu Amekwama kwa Korido

Jameni, msicheke kwanza. Nimekwama, na mkono mmoja tu ndio uko huru, huu unaoandika.

Mnajua yule Mwamuzi huwa nachora kwa komiki yangu? Anakaa juu ya jua. Akisema "hapana," sayari nzima inazimika.

Leo nilimvaa niende nikawaonyeshe watoto wa kanisa Makongeni. Mabega nilitengeneza na waya na paipu za plastiki, mapana kama mbawa. Nilipima mlango wa nyumba yangu.

Korido ya plot, hapa tunapopanga, sikupima.

Hapo kwa tenki la maji nikakwama. Siendi mbele, sirudi nyuma.

Jirani yangu Mama Shiro akaja kunivuta, na jirani mwingine, Mama Kevo, akanisukuma kutoka nyuma. Halafu wakaonana juu ya mabega yangu. Hao hawaongeleshani tangu wagombanie kamba ya kuanika nguo!

"Si wewe ni hakimu?" Mama Shiro akaniuliza. "Haya, amua. Kamba ni ya nani Jumamosi?"

"Na ukikosea tunakuacha hapo," Mama Kevo akasema.

Woi. Nikatoa ile sauti nzito ya Mwamuzi: "Kamba moja haitoshi. Tafuteni nyingine!"

Wakaangaliana. Wakaniangalia mabega.

Saa hii bega la kulia lina shuka za Mama Shiro. La kushoto, yunifomu za kina Kevo. Zinanidondokea maji hadi kwa viatu.

Nimewaomba wanitoe.

"Zikauke kwanza," wamesema pamoja, wakicheka kama marafiki wa zamani.

Wenye mko hapa Ruiru kama mimi, siwezi kuinua kichwa. Hebu mniangalilie: jua litatoka leo kweli?