Siku Siafu Waliponitoa Kwenye Sala

Jamani, haya nayasema kwa kuwa mmenibana, maana aibu ile hata leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu jikoni najikuta nimejifunika uso kwa upindo wa kanga, kana kwamba kuna mtu ananitazama.

Ilikuwa wakati wa vita ya kumwondoa Mreno. Tropa, ndivyo tulivyowaita askari wa Kireno, walikuwa wametukusanya kwa nguvu kutoka kwetu juu, upande wa Mueda, wakatuleta kwenye kijiji cha kuzungushiwa waya kando ya barabara ya kutoka Palma kwenda Pundanhar, na humo humo wakawatia na Waislamu wa pwani waliowaondoa vijiji vya Tungue, basi tukawa Wamakonde wa misheni na watu wa pwani tunaishi ukuta kwa ukuta, kutoka kwa ruhusa, kuingia kwa ruhusa. Mimi nilikuwa bado mke mpya. Mume wangu, Agostinho, alikuwa kasafiri (siku zile ukiambiwa mtu kasafiri, huulizi kaenda wapi, ukiuliza unamtafutia mwenzio kifo), na mimi nikabaki na mama yake, Mama Rosalina.

Sasa huyu mama mkwe wangu. Mwanamke mwembamba, sauti ndogo, hacheki ovyo, na mimi, niseme ukweli, nilikuwa mcheshi kupita kiasi na nilijua ana shaka nami kidogo. Tangu padri wetu achukuliwe na misheni ifungwe, yeye ndiye aliyekuwa akitusalisha katika kibanda cha makuti mwisho wa kijiji. Mikusanyiko ilikuwa imekatazwa. Kwa ajili ya Ijumaa Kuu alikwenda langoni kwa tropa kuomba ruhusa, akaambiwa arudi kesho, kesho akaambiwa arudi kesho, mpaka Ijumaa Kuu yenyewe ikafika. Akasema, "Basi, tumekwisha kuwaambia," akajitanda kanga yake, tukaenda.

Kabla hatujaanza alitupa agizo moja tu. "Tukipiga magoti, asiinuke mtu mpaka niseme Amina ya mwisho. Mkisikia gari, tulieni. Mkisikia viatu, tulieni. Anayekimbia ndiye mwenye kosa machoni mwao, na atawaponza wote."

Tukaitika, na mimi sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, sakafu ya udongo imelowa. Nikaangaza macho, nikaona mbele kabisa, karibu na miguu ya mama mkwe, pana nafasi nzuri imeachwa wazi, nikajisemea leo ndiyo leo, leo ataona kuwa mwanawe hakuoa mchezo. Nikapita katikati ya watu na kanga yangu mpya, nikaenda kupiga magoti pale. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanivuta nguo, akaninong'oneza, "Dada, hapo usikae, pana..." Nami nikamkunjia uso, "Shii! Tunasali!" (Nikidhani ananionea wivu wa nafasi, jamani.)

Kilichokuwapo pale ni njia ya siafu. Maji ya mvua yalikuwa yamewafukuza shimoni, nao walikuwa wanapita kwa safari zao, mimi nikawapigia magoti katikati ya barabara yao.

Wa kwanza alinipata kwenye kifundo cha mguu. Nikavumilia. Wa pili goti, nikavumilia, nikafumba macho sana ili nionekane nimezama katika sala. Halafu wakaanza kupanda kwa makundi, na ninyi mnamjua siafu, hang'ati akaacha, anang'ata akabaki, unaweza kumkata kiwiliwili kichwa kikaendelea na kazi. Wakafika mapajani. Wakafika kiunoni, pale kanga ilipofungwa, wakakusanyika kama waliokuta mgahawa. Mama mkwe anasoma mateso ya Bwana, mimi naumwa, anasoma, naumwa, nikauma ulimi, machozi yananitoka (mtu wa pembeni yangu akanipapasa bega, akidhani nimeguswa na mateso), mpaka mmoja alipofika mahali ambapo sitapataja.

Nilipiga yowe ambalo nadhani lilisikika mpaka baharini. Nikaruka, nikaivua kanga nikaitupa, nikatoka mbio na shumizi, najipiga makofi mwilini kama mwenye mashetani, na kwenye kona ya kibanda nikawavaa tropa waliokuwa wakipita doria.

"Pare! Pare aí!"

Nikasimama. Bunduki zimenielekea, mikono nimeinua juu, na siafu hawajui kuwa nimekamatwa, wanaendelea. Nikawa nacheza ngoma mbele ya mitutu, shumizi imekwama kiunoni. Bi Zaituni, jirani yetu wa Kiislamu, alikuwa anamenya mihogo yake mlangoni. Akaja na kanga yake mwenyewe, akapita mbele ya bunduki zile akanifunika. "Jisitiri, mwanangu. Jisitiri." Kisha akawageukia, "Hawa wanasali tu. Leo siku yao kubwa."

Mkubwa wao, sarjento mmoja mwenye ndevu nyekundu, hakumsikiliza. Alikwisha kuona kibanda. Mtu katoka mbio, ndani kuna watu wamejificha, kwake hesabu ilikuwa imekamilika. Akawaashiria wenzake, wakaenda mlangoni bunduki mbele. Hapo ndipo niliposema, Mungu wangu, nimewaua.

Nikawafuata, sijui kwa nini, na kanga ya watu mwilini.

Ndani hakuna aliyeinuka. Nasema hakuna. Siafu walikuwa wamekwisha kusambaa sakafu nzima, wako kwenye miguu ya wazee, wako kwenye migongo ya kina mama, nami niliona mistari myekundu inapanda shingoni kwa Mama Rosalina, na damu nyembamba inashuka nyuma ya sikio lake, na sauti yake ndogo ile ile, haikupanda, haikuharakisha, inaendelea na maombi, na watu wanamwitikia. Aliona bunduki. Nilimwona anaona. Akashusha macho, akaendelea.

Mwili wote ulinisisimka, na safari hii si siafu. Kibanda cha makuti kikawa kikubwa ghafla, sijui niwaelezeje, nikaogopa kukanyaga kizingiti chake.

Sarjento alisimama. Siafu wakapanda viatu vyake, nikawaona wakiingia kwenye suruali, uso wake ukabadilika, mguu ukatikisika. Lakini hakuondoka. Pole pole akavua kofia. Halafu akapiga goti moja pale pale mlangoni, kwenye siafu, na wenzake nyuma yake wakatazamana, wakavua na wao.

Sala ile ilikuwa ndefu, na Mama Rosalina hakuikata hata neno.

"Amina."

Jamani! Kibanda kililipuka. Wazee, kina mama, tropa, wote wakatoka nje wanaruka, wanajichapa, sarjento kaangusha mkanda anahangaika na suruali yake, Bi Zaituni kageukia ukutani kwa heshima huku mabega yanamtikisika. Hapakuwa na mfungwa wala mlinzi pale, palikuwa na watu na siafu.

Alipotulia, sarjento alimwita Mama Rosalina. Askari mmoja mweusi, mtu wa Nampula, akatafsiri. "Anauliza, hukusikia tumeingia?"

"Nimesikia," mama akasema. "Sala ilikuwa haijaisha."

Sarjento akaukaza mkanda wake. Akavaa kofia, akawakusanya watu wake, wakaenda zao, wala hatukuitwa langoni.

Jioni Mama Rosalina alikuwa ananichomoa vichwa vya siafu mgongoni, na mimi natamani ardhi inimeze. Nikamwomba radhi. Kisha nikamuuliza, "Mama, wewe hukuumia?"

"Niliumia, mwanangu, unadhani nina ngozi ya kiboko? Ila nilikuwa namweleza Mungu habari za mwanangu. Nikaona nikikatiza, nitaanzia wapi tena?"

Yeye alikuwa anazungumza na Mungu. Mimi muda wote ule nilikuwa nimempigia magoti mama mkwe.

Vita ilipokwisha Agostinho alirudi, amekonda, mzima. Na watu, badala ya kumweleza njaa na taabu tulizopata, walimpokea barabarani kwa habari ya mkewe na shumizi mbele ya tropa. Mama yake akamsubiri amalize kucheka, akamwambia, "Sasa njoo tumshukuru Mungu." Tukapiga magoti watatu, na niliapa siku ile kuwa sitasali tena ili mtu anione. Naendelea kujitahidi. (Na sakafu naikagua kwanza.)