Kidole Gumba cha Kushoto

Fundi cherehani wa hapa Nkubu akitia mashine yake mafuta, mimi huhamia upande wa pili wa barabara. Harufu ile ni ya baba mdogo Mutwiri kabisa. Alikuwa akirudi nayo kutoka kituoni, mikononi na kwenye koti, mpaka ugali mezani unanuka bunduki.

Mutwiri alikuwa ndugu mdogo wa marehemu baba, askari polisi. Baba alipozikwa, alihamia kwetu, akakalia kiti chake na kuanza kutoa amri. Mama akichelewesha chai, kofi. Mimi nilikuwa darasa la saba, na alikuwa ameshatangaza kwamba hapo ndipo mwisho, msichana hahitaji kusoma zaidi ya kuhesabu madebe ya kahawa. Nilimchukia jamani, sitawaficha. Watu husema adui mwombee njaa. Mimi nilimwombea njaa, nikaongezea na kuhara.

Sasa sikieni. Miaka yote alikuwa mtu wa bunduki ndefu. Mwaka ule akaambiwa afanye mtihani wa shabaha kwa bastola, akapewa karatasi ya maelekezo. Ilikuwa ya Kiingereza, naye shule aliiacha darasa la tatu. Akaniita uani, ameshika gunzi la mahindi badala ya bastola.

"Soma, Kendi. Polepole."

Yule yule wa madebe ya kahawa! Nikasoma huku nikimtafsiria. Miguu ipanuliwe kama mabega. Magoti yalegee kidogo, mwili uegemee mbele. Mkono wa kulia ushike mpini juu kabisa, wa kushoto uukumbatie. Kidole kivute taratibu, usikurupuke. Akafanya yote, jasho linamtiririka, kuku wakimtazama. Ila kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa kimepita nyuma ya gunzi, kimelala juu ya mkono wa kulia. Mstari uliofuata ulisema wazi kwamba gumba hilo lisikae hapo kamwe, kwa sababu chuma cha juu hurudi nyuma kwa nguvu kila risasi inapotoka.

Nikauruka mstari ule.

"Imeisha?"

"Imeisha, baba."

Wiki nzima alifanya mazoezi na gunzi lake, na kila asubuhi Mama alipiga magoti akimwomba Mungu amsaidie Mutwiri apite. Nikamdharau Mama. Yaani anapigwa, na bado anamwombea!

Siku ya mtihani alirudi mapema, gumba limefungwa bandeji nene kama kiazi cha nduma. Risasi ya kwanza tu, kile chuma kilimchana, zilizobaki akazitawanya hewani. Nilienda nyuma ya zizi nikacheka mpaka nikakaa chini. Jikoni Mama alikuwa analia. Nilidhani anamhurumia.

Nilikuwa mtu mzima, tunamenya ndizi, Mama aliponieleza. Waliofaulu mtihani ule walipelekwa Nairobi kulinda wakubwa, wakakaa kambini.

"Angepita, angetuondokea kabisa," alisema. "Nilikuwa nimeshapanga hata shule yako ya sekondari."

Nikaendelea kumenya ndizi. Mutwiri alikaa kwetu miaka tisa zaidi, na mpaka leo Mama hajui ni nani aliyemzuia kuondoka.