Simu niliyoiondoa kwenye swichibodi wakati Bi Salma yuko eda

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Jana humu ndani kuna kijana aliuliza namna ya kuziondoa simu na laptop za wafanyakazi walioacha kazi kwenye mfumo mkuu wa ofisi yao. Majibu yalikuwa mazuri: ingia hapa, weka tiki pale, futa. Hata mie ningeandika hivyohivyo, maana ndiyo kazi inayonilisha mpaka leo.

Ila nilipofika kwenye hilo neno "futa" nikakumbuka jambo la zamani. Nalisimulia kama lilivyokuwa, chumvi siweki.

Miaka ya tisini, kile kipindi mashirika ya umma yanauzwa, nilikuwa fundi simu wa kiwanda kimoja huku Temeke.

Kiwanda kilikuwa na swichibodi yake. Simu za ofisini, getini, stoo, mpaka za nyumba za wafanyakazi kule Mtoni, zote zilipita hapo. Ukipiga kutoka nje anapokea opereta, unamtajia unayemtaka, anakuunganisha. Mfumo mkuu ndio huo, vijana. Msidhani mmeuanzisha nyie.

Na enzi hizo kupata laini yako nyumbani ilikuwa shughuli. Unaomba mpaka unasahau kama uliomba. Kwa hiyo nyumba yenye simu ya kiwanda, simu hiyo ni ya mtaa mzima.

Jirani yangu Mzee Nassoro, msimamizi wa karakana, alikuwa nayo. Mkewe, Bi Salma, aliifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, kama ilivyokuwa kwa redio na makochi.

Mtoto wao Saidi alikuwa Muscat anahangaika. Leo kazi hapa, kesho pale, anuani ya kueleweka hana. Yeye ndiye aliyekuwa anapiga, tena kwa nadra. Huku hakuna aliyeweza kumpata.

Mzee Nassoro akafariki ghafla. Tukazika, Saidi hana habari.

Bi Salma akaingia eda, ile miezi minne na ushee ya mjane kukaa ndani. Akawaambia wanawake waliokuwa naye, "Mwanangu asije akaambiwa na mtu njiani. Akipiga, nitamwambia mie mwenyewe." Maneno hayo mie niliyajua baadaye, na ndiyo yanayoniuma.

Haukupita muda mwekezaji akaingia kiwandani. Amri ikaja: simu zote za Mtoni ziondolewe kwenye swichibodi.

Kazi yenyewe ndogo. Unachomoa nyaya kwenye kabati, halafu unapita nyumba kwa nyumba kukusanya vyombo. Kwenye kabati nilimaliza kabla chai yangu haijapoa.

Kwenye kukusanya, nilipofika kwa marehemu nikasita. Mwanamume asiye maharimu wake, si baba wala kaka, unaanzaje kumpigia hodi mjane aliye eda, tena bisibisi mkononi? Nikamfuata mdogo wa marehemu, Ami Hamadi, aliyekuwa akishinda barazani pale.

"Ami, simu ya humu tumeshaikata. Naomba umfikishie Bi Salma, chombo nitakichukua akishatoka."

"Nitamfikishia, mwanangu. Umefanya vizuri kutoingia."

Nikaondoka najiona mtu wa adabu kweli. Na mke wangu alikuwa anaingia mle karibu kila siku kupeleka chakula. Sikumgusia, mambo ya kazini nilikuwa siyaleti nyumbani.

Baada ya Idd, opereta mpya, binti anaitwa Pendo, ananihadithia tu kama habari za kazini.

"Kuna kaka kapiga kutoka Muscat, anamtaka Mzee Nassoro. Nikamwambia simu hiyo imeondolewa na mzee hayupo tena hapa. Akauliza wamehamia wapi, nikamwambia sie hatujui. Akakata."

Sikumlaumu, hakumjua mzee. Roho iliniuma kidogo, nikajituliza kwamba Bi Salma ameshajua simu haipo, watakuwa wametafuta njia nyingine ya kumpata.

Eda ikaisha. Asubuhi moja Bi Salma kaja kwangu na simu, ameiviringisha kwenye kile kitambaa. Inang'aa.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie chombo hiki. Leo nimekiinua, kiko kimya."

"Siku zote hizo hukukiinua?"

"Niliogopa. Nikasema Saidi akipiga wakati nimeinua, si atakuta inatumika? Nikawa naifuta vumbi tu, nakaa nayo."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze.

Nikamweleza yote. Ami Hamadi akaitwa. Akasema aliona mjane asizidishiwe huzuni, akapanga amwambie akitoka eda. Hakusema kwa ubaya. Yeye kamhurumia, mie nimemheshimu, na mama wa watu kakaa miezi anailinda simu isiyo na waya.

Bi Salma hakugomba. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo hakupiga?"

"Alipiga, Bi Salma. Baada ya Idd."

Akakaa kwenye benchi. "Kumbe alipiga," akasema, akalia kwa muda. Halafu akakunja kitambaa chake, simu akaniachia. "Hiki ni cha kwenu."

Saidi habari alizipata kwa mtu wa Mtoni aliyekutana naye sokoni huko Muscat. Jamaa alimpa pole akidhani anajua. Siku hiyo Saidi alikuwa ametoka kumnunulia baba yake kanzu. Lilitokea lilelile mama yake alilolikataa.

Leo kwenye kazi yangu, kabla sijakiondoa chombo chochote kwenye mfumo, namtafuta mwenye nacho mwenyewe. Sipitii kwa bosi wala kwa ndugu. Kama siwezi kuingia, namtuma anayeweza kuingia. Vijana wa ofisini wananicheka kwa sababu kila mmoja namuuliza swali lilelile: kuna mtu unamsubiri akutafute hapa?

Wewe uliyeuliza jana, hatua ulizopewa ni sahihi. Ila anza na hilo swali.

Waliokulia kwenye nyumba zenye simu ya mtaa, karibuni mseme yenu. Na aliye na neno la kunisuta, aseme tu, nasoma yote.