Swali la Desemba

Binamu yangu alinifundisha mambo ya usaili akiwa amesimama, kwa sababu anaamini mtu akikaa anasahau. Yeye yuko mapokezi kwenye hoteli moja Sirari, mpakani, na kuzoeana na wateja wa upande wa pili kumemwachia ulimi wao. Alikuja kwangu Mugumu Jumapili moja, baada ya kusikia kwamba nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya jikoni katika hoteli ya watalii karibu na geti la Ikoma. Kwa mwanamke anayekaanga chapati mbele ya chumba cha kupanga, hiyo ilikuwa habari kubwa. Majirani walianza kuja kukaa kwangu bila sababu.

"Sasa skiza," akaniambia. "Mwisho watakuuliza kama uko na swali. Hapo ndipo watu huanguka. Usiulize mshahara. Usiulize likizo. Usiulize huyo alikuwa hapo mbeleni alienda wapi. Ukiuliza hizo vitu wanajua wewe ni mtu wa shida."

"Sasa niulize nini?"

"Uliza vile kampuni inaendeleza wafanyakazi wake. Halafu cheka kidogo. Usicheke sana."

Nilicheka sana. Akanikata jicho.

Ushauri ule ulinikaa vibaya tangu siku ile, na najua kwa nini. Marehemu baba yangu alikuwa mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Hakuwahi kushika kamba ya ng'ombe kabla ya kumuuliza mwenye mali kwa nini anamuuza. Mtu akianza kuzungukazunguka, baba anahamia kwa mwingine. Na mimi nilipoposwa, wazee wetu walikwenda mpaka zizini kwa wakwe zangu, Mbalibali, wakafungua ng'ombe midomo, wakauliza huyu ni wa nani, huyu aliwahi kuugua nini, huyu hana mtu mwingine anayemdai. Hakuna aliyenuna. Walipomaliza kuuliza wakapewa ugali na nyama na kichuri, ule mchuzi mchungu wa tumboni mwa ng'ombe, wakala wakashiba. Leo mimi, mtoto wa watu hao, nikajipeleke mwenyewe kwa watu nisiowajua, halafu swali langu liwe namna watakavyoniendeleza!

Lakini kazi nilikuwa naihitaji. Mume wangu alishafariki, na binti yetu alikuwa darasa la sita, mrefu kunipita mabega. Kazi za hotelini kule ni za kukaa huko huko. Unalala kwenye nyumba za wafanyakazi, unarudi kwako zamu yako ya mapumziko ikifika. Maana yake ni kwamba nikienda, binti yangu angehamia kwa bibi yake, mama wa marehemu. Kwa mila yetu hapo ndipo kwao. Ng'ombe walionitoa nyumbani walitoka kwenye zizi lile, na mtoto wangu ni wa zizi lile.

Bibi anampenda, na hapo naomba nieleweke. Anamwekea maziwa ya mgando kwenye kibuyu chake mwenyewe, asiguse mtu mwingine. Anampenda mpaka anataka awe mwanamke kamili, kwa jinsi yeye anavyouelewa ukamilifu. Na mwaka ule ulikuwa mwaka wa msimu.

Msimu huku hauji kila mwaka, na ukija hauhitaji tangazo. Wazee wanakaa, neno linazunguka, shule zinafungwa Desemba, na barabarani unaanza kusikia pembe na filimbi. Wasichana wanavalishwa khanga, wanapewa zawadi, wanapita katikati ya watu wanaocheza. Sheria inakataza, polisi wanazunguka, na bado kuna nyumba zinazomaliza shughuli yao alfajiri kabla gari la polisi halijawashwa. Januari shule zikifunguliwa, kila kitu kimekwisha. Mimi nilikeketwa nikiwa na umri wa binti yangu. Sina la kupamba hapo. Nilitokwa damu mpaka nikazirai, na nilipozinduka nilikuta wanaimba.

Kuna nyumba salama mjini, na wapo wasichana niliowaona kwa macho yangu waliokimbilia huko wakapona. Nawashukuru wanaoiendesha. Lakini mtoto mwenye mama aliye hai akimbie kwa nini? Kinachotakiwa ni mama awepo. Basi. Na Desemba ndiyo hiyo hiyo ambayo watalii wanajaa na hoteli hazimwachii mtu.

Tulifanya mazoezi, mimi na binti yangu. Yeye alikuwa msaili. Alijifunga kitambaa shingoni kama tai, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaukunja uso.

"Udhaifu wako ni nini, mama?"

"Nafanya kazi kupita kiasi."

"Uongo," akasema. "Haya. Una swali?"

"Ningependa kujua kampuni inawaendelezaje wafanyakazi wake." Nikacheka kidogo.

Akatikisa kichwa kama bosi aliyeridhika. Halafu, bila hata kufungua ile tai, akasema, "Na mimi nina swali. Desemba utakuwa hapa?"

Nikamwambia chapati inaungua. Ilikuwa haijaungua, na wote wawili tulikuwa tunaiona.

Siku ya usaili maji ya bwawa la Manchira yalikuwa hayatoki mtaani kwetu, nikaoga kwa maji ya kuombaomba, nikavaa gauni la harusi za watu, nikapanda bodaboda. Nilikuta watu watatu mezani. Wa kwanza meneja, mtu wa kutoka mbali, mpole. Wa pili mama wa utumishi aliyetumwa kutoka Arusha, viatu vyake safi kama hajawahi kukanyaga vumbi letu. Wa tatu mpishi mkuu. Huyo alikuwa Mkurya mwenzangu, nilimjua alipofungua mdomo tu.

Walianza kwa kunipeleka jikoni nikapike supu. Mpishi mkuu alionja, akachota tena. Nikajua kazi iko karibu kabisa.

Kisha tukakaa, na yakaanza maswali yao. Nimeolewa? Mume alikufa kwa nini? Nina watoto wangapi? Nategemea kuzaa mwingine? Nina ugonjwa wowote? Nasali wapi? Naweza kuamka mapema? Nyumbani wakipata msiba nitataka kwenda au nitatuma salamu? Waliniuliza kila kitu, na mimi nilijibu kila kitu, kwa adabu, mikono mapajani. Huku nawaza: hawa wamenifungua mdomo na kuhesabu meno, na bado mimi ndiye niliyeambiwa nisiulize.

"Sawa, mama," akasema yule wa utumishi. "Una swali lolote kwetu?"

Swali la binamu yangu lilikuwa tayari mdomoni, limepigwa pasi. Nikavuta pumzi nilitoe, nikamwona mwanangu juu ya ndoo.

"Ndiyo," nikasema. "Naomba kujua ratiba ya mapumziko. Desemba nitakuwa nyumbani lini?"

Mama wa utumishi akaweka kalamu chini. "Desemba ndiyo kazi yenyewe, mama. Kila mtu anataka sikukuu."

"Siyo sikukuu. Krismasi nitafanya kazi mwakani, na kila mwaka usio wa msimu, hata milele. Mwaka huu nataka kuwa nyumbani kuanzia shule zikifungwa mpaka msimu uishe. Nina binti."

"Msimu gani?" akauliza meneja.

Mpishi mkuu alikuwa anaangalia viganja vyake.

"Mpishi mkuu anaujua," nikasema.

Akakohoa. "Ni mambo ya kimila, bosi."

"Ni mambo ya kisu," nikasema mimi.

Meneja alielewa. Akaniuliza kwa huruma ya kweli kama hakuna ndugu wa kumwachia mtoto. Nikamwambia ndugu ndio wanaomtaka. Wakatazamana. Mama wa utumishi akanieleza kwamba hawawezi kumpokea mtu anayeweka masharti hata kazi hajaanza, kwamba wengine nao wangekuja na ya kwao. Alisema taratibu, na sidhani ni mtu mbaya. Alitumwa kujaza jiko, na mimi nilikuwa namwachia pengo mwezi ule ule anaouhitaji. Nikamshukuru, nikainuka.

Mpishi mkuu alinifuata mpaka nje.

"Dada, si ungenyamaza tu! Supu yako nimeipenda. Ungechukua kazi, halafu shule zikifungwa ungejifanya umeugua."

"Na msimu unaofuata?"

"Ungeugua tena."

Hasira ilinipanda. Mtu mzima, jiko zima liko mkononi mwake, ananifundisha kuugua. "Wewe binti zako wanakuwa wapi mwezi huo?" nikamuuliza.

Akageukia geti. "Mimi nina wavulana watupu."

"Watakuja kuoa," nikamwambia, nikapanda bodaboda.

Hawakupiga simu. Aliyepiga ni binamu yangu, na alinipasha vizuri. Si alinionya? Nani aliniambia usaili ni mahali pa kupeleka matatizo ya nyumbani? Nikamsikiliza mpaka akachoka. Sitajifanya kwamba haikuniuma. Ilikuwa kazi nzuri, kazi ya mwisho wa mwezi, yenye chakula na kitanda, na nililia kwa hasira nikiwa nakanda unga. Lakini mtu asinilazimishe kujuta. Nikirudishwa kwenye kiti kile leo nitauliza vile vile, na safari hii sitasubiri mwisho.

Desemba ikaja na pembe zake. Shule zilipofungwa tu, mama mkwe wangu akatokea mlangoni na shangazi wawili wa marehemu. Binti yangu akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, akawaletea benchi, akarudi kukaa kwenye ndoo yake. Walisema wamekuja kumchukua akasalimie nyumbani.

"Atakuja, mama," nikasema. "Lakini siyo sasa."

Ndipo wakaanza. Kwa nini nimemficha mjini kama nimemwiba? Ataolewa na nani akiwa hivyo? Nataka wenzake wamcheke kisimani? Nataka baba yake ahangaike kaburini? Nilijibu yote, kwa adabu, mikono mapajani. Yalipowaishia nikasema langu. "Hilo jambo halitafanyika kwa huyu. Nikiona mtu amekuja kumchukua kwa nguvu nitakwenda polisi, na majina nitayataja, hata kama ni ya waliokaa kwenye benchi hili."

Shangazi mmoja alisonya kwa nguvu. Mama mkwe hakusonya. Aliniacha kama mtu anayeacha ng'ombe mkaidi, akamgeukia mjukuu wake, na sauti yake ikawa laini.

"Mama yako tumwache na ubishi wake. Wewe ndiye mwenye jambo. Wenzako wote wanakwenda, na zawadi zako nimeshaandaa. Kama una swali, niulize mimi bibi yako."

Binti yangu akasimama.

"Bibi," akasema, "na wewe uliulizwa?"

"Mtoto haulizi hivyo!" shangazi akaruka. Mama mkwe akainua mkono kumnyamazisha. Akamtazama yule mtoto. Mimi nimeishi na mwanamke huyo kwenye boma moja, nimezika naye mwanawe, na sikuwahi kumwona anatafuta neno.

"Hapana," akasema. "Nilishikwa."

Akaomba maji. Binti yangu akamletea, akayanywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Kisha akajifunga khanga yake upya na kuwaambia wale wengine wainuke, kwamba jua linawaacha. Shangazi wakatoka mbele wakinung'unika. Yeye alifika mlangoni, akageuka kwangu.

"Shule zikifunguliwa ndipo umlete anisalimie," akasema. "Siyo kabla."