Tonge Nililolikataa Ukweni

Nakumbuka Idi ya kwanza niliyokula ukweni, mwanangu, na mpaka leo nikiiwaza naisukuma sahani kando.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Kibiti yalianza kujaa tena sabuni na khanga, na mitumba ilimwagwa chini kila gulio. Nilikuwa na miezi minne ya ndoa. Nikajinunulia gauni la mitumba na koti lake lenye mabega yaliyosimama kama ya askari, nikapanda nalo mashua pale Nyamisati, mimi na mume wangu Athumani, kwenda kumalizia Ramadhani kwa mama yake huko visiwani. Jua lilituchoma, lakini koti la gauni lile sikulivua. Ujana huo.

Kwetu Kibiti Idi tuliifanya hivi: wanaume wakirudi msikitini, sinia lao barazani, wanawake, sinia letu uani, kila mtu anatia mkono wake anakula. Baba yangu alikuwa mkali, hakupenda watu kulishana. "Mkono wa mwenzio haujui njaa yako," ndivyo alivyosema. Nikakua nikidhani Waislamu wote hula Idi kama kwetu. Aliyelelewa nyumba moja hudhani nyumba ni moja.

Siku mbili kabla ya Idi, mama mkwe alinikaripia mbele ya majirani. Nilikuwa nakamua nazi, nikalichanganya kasimile, lile tui zito la kwanza, na tui jepesi.

"Jamani, njooni mwone! Athumani kaniletea mke asiyejua hata tui!"

Majirani wakacheka. Nami nikanuna. Si nuno la siku moja; hata shikamoo yangu ikawa inaishia mdomoni.

Asubuhi ya Idi, wanaume waliporudi kutoka kusali, mama mkwe aliketi mkekani na chungu cha wali wa nazi, na majirani wale wale wamejaa uani. Kabla ya yeyote kula, akaanza kuwalisha wanawe mmoja mmoja kwa mkono wake. Watu wazima na ndevu zao! Athumani amechuchumaa, kafungua mdomo kama kinda. Nikamwonea aibu. Zamu yangu ikafika. Mama akalifinyanga tonge, akanyoosha mkono.

"Haya, mkwe, pokea."

Nikafumba mdomo. Shemeji yangu, ndugu yake Athumani, akanitania: "Fungua, shemeji, hiyo si dawa ya minyoo!"

Watu wakacheka, na mimi nikakisikia kicheko cha siku ya tui.

"Mimi si mtoto, mama," nikasema. "Kwetu kila mtu anajilisha."

Mama akalirudisha tonge chunguni, polepole, akanawa mkono. Hakula siku ile.

Alasiri wifi yangu Zuhura alinifuata kisimani. Hakunipigia kelele.

"Wifi, unajua ulichofanya? Kwetu mtu mzima haombi radhi kwa mdomo. Mkikoseana, siku ya Idi anakulisha. Ukipokea, yamekwisha. Ukikataa, umesema hujamsamehe. Lile neno la tui lilimnyima mama usingizi. Alikuwa anakuomba radhi mbele ya watu wale wale waliokucheka."

Mwanangu, ningekwenda saa ile nikampigia magoti, leo nisingekuwa na la kukusimulia. Kutojua kunasameheka, lakini mimi nilikuwa nimeshajua. Nikajiambia: mbona hawakunieleza mapema? Mimi mganga, nipige ramli nijue mila zao? Keshoye tukaondoka. Nikampa mama mkono wa kwaheri, maneno ya maana sikumpa.

Idi ya Ramadhani ya mwaka uliofuata Athumani alikwenda peke yake. Nilisema nina maandazi ya kuuza gulioni. Biashara ilikuwepo kweli, lakini siyo iliyonizuia. Aliporudi alinikabidhi tonge la wali lililofungwa kwa jani la mgomba.

"Mama amesema ulile hata kama limechacha. Walau uonje."

Lilikuwa limechacha kweli. Nikawatupia kuku. Athumani akatoka akaenda kukaa nje.

Kabla ya Idi ya kuchinja, habari ikaja: mama amefariki. Tulifika ameshazikwa. Nikamwangukia Zuhura pale mkekani walipokaa wanawake, nalia: "Wifi, nimemsamehe mama! Naye anisamehe!"

Zuhura akanifuta machozi kwa ncha ya khanga yake. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Akasema, "Nimekusikia, wifi. Ila mimi siwezi kumpokelea mama."

Nimeishi na Athumani miaka mingi, mume mwema, Mungu amrehemu. Hakunikumbusha hata siku moja. Idi moja, watoto wameshakuwa wakubwa, nilijipa moyo nikafinyanga tonge nimlishe. Akaushika mkono wangu, akaushusha taratibu. "Acha tu, mama Salama. Kula." Nikala. Ningefanyaje? Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu ninao tisa, na majuto yalitangulia kuja kabla yao.

Basi nisikilize, wewe unayeoa na wewe unayeolewa. Kuna nyumba Idi huanzia makaburini. Nyingine huanza kwa uji, na nyingine watu hawagusi kitu mpaka jirani amepelekewa sahani. Ukikuta usilolijua, usilicheke wala usilikatae. Pokea kwanza, kisha muulize mwenye nyumba maana yake. Wazee walisema ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako, na wala hutapofuka kwa kufumba siku moja. Tena ukishajua umekosa, usiahirishe mpaka sikukuu nyingine. Nenda leo, hata kama na wewe ulikosewa. Mzee hana mkataba na Idi ijayo.

Mungu akujalie wakwe wanaokuvumilia, akupe na ulimi mwepesi wa kusema nisamehe wakati mwenye kuusikia bado yu hai. Akulinde na kiburi kilichonikuta mimi. Amina.